Chungu Kilichomla Mama

Vitalia aliteremka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia mfuko wa nguo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Tangu Litembo, kupita Kingerikiti, kona zote zile na mashimo yote yale, hakuuweka mgongoni hata mara moja. Ndani ya mfuko mlikuwa na gauni la kitenge cha zambarau, gauni la mama wa bwana harusi. Yeye mwenyewe bibi harusi ndiye aliyelishona. Upande wa kushoto ulimsumbua, aliufumua mara mbili.

"Nikusubiri, dada?" aliuliza Sixbert, dereva wake, akipangusa vumbi kwenye nyusi.

"Nisubiri, kaka. Sitakaa."

"Bibi harusi anakwenda kwa mchumba halafu hakai? Haya. Ngoja basi nisivue hata kofia."

Vitalia alijaribu kucheka. Akaukaza mfuko, akaelekea ufukweni.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Matangazo ya ndoa yao yalikwisha kusomwa parokiani mara mbili, na tangazo la tatu lilikuwa la kesho. Pale ufukweni Kihagara wanawake walikuwa wakigeuza usipa juu ya chanja, samaki wadogo waking'aa kama sindano zilizomwagika. Harufu yao ilikuwa harufu ya Alphonce. Kwa miaka miwili alikuwa akiipenda harufu ile hata kwenye mashati yake anapomfulia.

Akamwona. Amesimama kando ya lori lake, Kanta, kakunja mikono ya shati, anawaelekeza watu namna ya kupanga magunia. Mrefu, mweusi wa kupendeza, na ule mwanya wa mbele uliomfanya hata akikasirika aonekane anatabasamu. Alphonce naye akageuka kana kwamba ameitwa. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya wanawake wote wale, na kwa kitambo Vitalia akasahau kilichomleta.

"Kitendawili!" Alphonce alipaza sauti kutoka kule kule, kama kawaida yake.

Vitalia hakuitika "tega". Alitembea tu, mfuko kifuani.

Vitendawili ndivyo vilivyowakutanisha. Alphonce aliingia dukani kwa Vitalia Mbinga mjini, pale anaposhonea, amebeba turubai lililochanika. Vitalia akamwambia yeye hashoni maturubai, anashona nguo za harusi. Lakini akitegua kitendawili kimoja atamshonea bure. "Chungu changu kilimlisha mtoto, kikaja kumla mama." Alphonce akajikuna kichwa. Akampa mji wa Liuli, akaukataa. Akampa Mbamba Bay, akaukataa. Akampa Songea nzima na stendi yake. "Miji yako midogo," Vitalia alimwambia, "jibu utalipata siku ya harusi." Turubai alilishona hata hivyo. Mwanamke akishapenda, mkono wake haungoji malipo.

"Mbona huitiki leo?" Alphonce alimshika kiwiko, akamvuta kwenye kivuli cha Kanta. Akamtazama usoni, halafu macho yakashuka kifuani, pale yalipozoea kupumzika tangu mwaka jana. "Umeficha vitu vyangu na mfuko. Toa mfuko nivione."

"Alphonce, nimetoka hospitali jana."

"Malaria?"

"Kaa kwanza."

"Nikae wapi, na gari linapakiwa? Sema, mpenzi."

"Nina uvimbe. Titi la kushoto. Uko nyuma, karibu na ubavu."

Alphonce aliachia kiwiko chake. Hakukiachia kwa ukali. Mkono ulijitoa wenyewe, kama unavyojitoa kwenye sufuria ya moto.

"Uvimbe wa nini?"

"Hawajajua. Wanataka kuchukua kipande wakapime. Wamenipa barua ya hospitali kubwa, Jumatatu. Daktari amesema nije na mtu wangu, nisiende peke yangu. Mtu wangu ni wewe."

Alphonce alitazama ziwa. Alitazama magunia. Kisha akauliza jambo la kwanza lililomjia, na Vitalia hatalisahau hata akizeeka.

"Zitatolewa?"

"Nini?"

"Hizo. Silikoni."

Upepo wa ziwa ulipita katikati yao. Vitalia aliikumbuka siku ile Dar es Salaam, kwenye kile chumba cha daktari chenye feni na viti vyeupe. Kabla ya hapo Alphonce ndiye aliyeanza, kwa mzaha, akilivuta kidogo gauni lake pale lilipolegea: "Hapa Mungu alikuwa na haraka." Akarudia mzaha ule wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata, hadi ukaacha kuwa mzaha. Ndiye aliyempeleka Dar kuongezwa matiti. Ndiye aliyechagua ukubwa, akibonyeza mifano ya silikoni mezani kama mtu anayechagua maparachichi sokoni, na Vitalia akacheka, kwa sababu aliyekuwa akichaguliwa ni yeye.

"Huenda zikatolewa," alisema. "Huenda na titi likatolewa. Ndiyo maana nimekuja nikwambie kwa mdomo wangu."

"Si nilikwambia wale watu wa Dar ni matapeli? Wamekuwekea ugonjwa!"

"Hukuniambia hivyo. Na hawakuniwekea ugonjwa. Daktari amenieleza vizuri, mama mtu mzima, kanichorea hata kwenye karatasi. Uvimbe una safari yake, silikoni ina yake. Ila silikoni imeuficha. Mwezi wa tatu niligusa pagumu, nikasema ah, hii ndiyo silikoni yenyewe. Nikawa napapapasa naona raha kabisa, nasema hii ndiyo zawadi ya Alphonce. Kumbe nilikuwa nabembeleza kifo."

"Sasa kama si silikoni, umeutoa wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Vitalia aliuweka mfuko chini, juu ya mchanga, kwa mara ya kwanza tangu Litembo.

"Mama yangu hakufa kwa presha."

"Ulisema presha."

"Ilisemwa presha. Mama yangu Edina alikufa kwa titi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mimi ndiye niliyekuwa namfunga kidonda kwa majani na vitambaa. Mama mdogo Asteria, titi. Bibi aliyewazaa, titi. Siku tulipomzika mama, wazee walikaa sengu, si unajua, ukoo unakaa unakula pamoja na kukata mashauri. Wakakubaliana neno la kusema ni presha. Shangazi Notburga akaja jikoni, akanishika sikio hivi. Akaniambia, 'Ukilitaja lile jina, hutaolewa, na binti za ukoo huu hawataolewa. Mtu akija kuoa, mbele yake ni presha. Umesikia?' Nikasema nimesikia."

"Na kule Dar?" Sauti ya Alphonce ilikuwa imeshuka. "Yule daktari alikuuliza. Nilikuwepo. Aliuliza nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua saratani ya titi."

"Aliuliza."

"Ukasema hapana."

"Nilikutazama kwanza wewe. Ulikuwa umekaa pembeni yangu, umenishika mkono. Ndipo nikasema hapana." Machozi yalianza kushuka, hakuyafuta. "Ningesema ndiyo, wangenipiga picha kwanza kabla ya kunigusa. Ningepimwa kila mwaka. Daktari wa jana kanieleza hayo yote, wala hakunigombeza, alinipa maji tu. Neno moja, Alphonce. Nilichagua uniite mke kesho kuliko nijijue leo."

Usipa uligeuzwa chanja nzima. Kisha uso wa Alphonce ukabadilika taratibu, kama mtu anayesoma barua ya zamani.

"Chungu kilichomlisha mtoto, kikaja kumla mama," alisema. "Ni titi."

"Ndiyo."

"Miaka miwili ulikuwa unanicheka."

"Nilikuwa nakwambia! Sikuwa na njia nyingine ya kukwambia. Kila uliposhindwa nilifurahi, na kila uliposhindwa niliumia."

"Na binti zangu je? Hao utakaonizalia?"

"Binti zetu wangejua mapema. Wangepimwa tangu usichana. Mimi ndiye wa mwisho kuambiwa presha, nimeshaapa."

"Sikilizeni!" Alphonce alicheka kicheko kikavu. "Eti nimeapa. Vitalia, mimi nilikuwa nakuona wewe. Sasa nikikutazama naona kaburi la mama yako lina miguu linakuja."

"Nani ana kaburi?" Sauti ilitoka nyuma ya gari. Alikuwa Mama Tadea, mama yake Alphonce, mjane mnene mwenye sauti ya kuvuka ghuba, na nyuma yake binti yake Lidia, amebeba ungo wa usipa kichwani. Tadea alikuwa amesimama pale muda gani, hakuna aliyejua. Lakini uso wake ulisema alisikia ya kutosha.

"Shikamoo, mama," Vitalia alipiga goti.

Tadea hakuitikia. Shikamoo ile ilibaki hewani kama mkono usiopokelewa.

"Inuka, usinichafulie mchanga. Nilisema mimi! Nilimwambia huyu, wa milimani wana siri, watu wanaokaa na ukungu mpaka saa nne. Akaniambia, mama, Vitalia hana siri, anacheka hovyo. Haya! Wanawake, njooni msikie!" Aligeukia chanja, na mikono yote kule ikasimama. "Ukoo mzima unazikwa kwa matiti, na huyu kaenda mjini kununua mengine!"

Mmoja alicheka. Halafu wawili. Halafu kicheko kikatembea chanja hadi chanja.

"Mama, basi," alisema Lidia.

"Nyamaza, nawe! Alphonce, mwanangu, utalala na nani? Na mgonjwa au na mpira?"

Vitalia alimtazama Alphonce. Alimtazama kwa macho yote aliyokuwa nayo, macho ya miaka miwili, ya turubai lililoshonwa bure, ya mashati yaliyofuliwa. Neno moja tu lingetosha. Hata "mama" lingetosha, kama lile la Lidia.

Alphonce aliinama akakaza kamba ya gunia ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Nitampigia paroko leo," alisema bila kuinua kichwa. "La kesho lisisomwe."

"Utamwambia kizuizi gani?"

"Nitamwambia umebadili nia. Ni heri iwe kwako. Wewe una ugonjwa, watakuhurumia. Mimi nina jina la kutunza hapa."

Vitalia alivua pete. Ilitoka kwa urahisi. Wiki ile alikuwa amekonda. Aliiweka juu ya gunia, ikateleza, ikaanguka mchangani, na Alphonce akaiokota haraka kuliko alivyowahi kumfuta yeye machozi.

Ndipo akauchukua mfuko, akautoa ule mzigo wa zambarau, akaukunjua. Hata wanawake wa chanja waliguna. Lilikuwa gauni la kuvalia mbinguni, mabega ya kusimama, uzi wa dhahabu shingoni.

"Gauni lako, mama. Limekwisha."

"Sivai kitu kilichoguswa na mkono huo."

"Litakutosha. Upande wa kushoto niliongeza vidole viwili."

Tadea alikuwa amenyoosha mkono kulisukuma. Mkono ukasimama.

Vitalia alimsogelea karibu sana, kama mtu anayetaka kubusu. Angeweza kusema kwa sauti. Chanja zote zilikuwa kimya, masikio yote yalikuwa wazi, na kicheko kile bado kilikuwa kinamuunguza mgongo. Alilitamani lile neno lipae mpaka upande wa pili wa ziwa. Lakini alikumbuka vidole vya shangazi sikioni, akakumbuka na mama yake, akashusha sauti hata Alphonce hakusikia. Lidia peke yake, aliyekuwa begani kwa mama yake, ndiye aliyesikia.

"Wiki mbili zilizopita nilipokupima gauni, ulikataa kufungua kanga ya ndani. Utepe ulikataa kulala, mama. Kushoto ni pagumu kama jiwe la kusagia. Na ile kanga ina doa. Mama yangu alifua kanga ya namna ile mwaka mzima. Nilijua siku ile ile nikanyamaza, kwa kuogopa harusi isiharibike. Hilo ni kosa langu, unisamehe. Nenda kapimwe. Usingoje."

Mkono wa kushoto wa Tadea ulipanda wenyewe, ukajishika kifuani, ukatulia pale kama unaofahamu njia. Ilikuwa kwa nukta moja. Kisha akaushusha kwa nguvu, akarudi nyuma hatua tatu, na sauti yake ikavuka ghuba.

"Mchawi! Mmesikia? Ananitupia ugonjwa wake! Kashindwa kumpata mtoto, anataka mama! Kalishonea gauni langu kifo!"

Alilikwapua gauni, akalitupa juu ya chanja, juu ya usipa mbichi. Zambarau ikalala kwenye magamba.

"Amekwambia nini, mama?" Alphonce alikuja mbio.

"Kanilaani!"

Alphonce hakuuliza zaidi. "Panda pikipiki yako," alimwambia Vitalia. Sasa aliinua macho, na yalikuwa makavu. "Nisikuone tena huku chini."

"Alphonce. Mpeleke mama yako hospitali."

"Nimesema panda!"

Akaondoka. Mchanga wa Kihagara ni mzito kwa anayekimbia na mzito zaidi kwa anayejizuia asikimbie. Nyuma yake chanja zilianza tena kusema, kwa Kinyasa, kwa haraka. Alishukuru kwamba hakuyaelewa yote.

Alikuwa amekwisha kumfikia Sixbert aliposikia nyayo.

"Dada Vita! Dada Vita, subiri!"

Alikuwa Lidia, hana ungo, kitambaa cha kichwa kimemtoka. Miaka ishirini na mbili, mwanya kama wa kaka yake. Alisimama akihema.

"Ile kanga," alisema. "Mimi ndiye ninayeifua."

Vitalia alifumba macho.

"Ananiambia ni jipu. Tangu Pasaka. Nikimuuliza ananipiga na ufagio. Dada, ni kweli ile uliyosema?"

"Sijui kama ni kweli, mdogo wangu. Mimi fundi cherehani, si daktari. Ninajua tu ninachokijua kwa mikono. Mpeleke."

"Hatakubali. Akisikia lile jina atanifukuza."

Vitalia alifikiri. Kisha, katikati ya asubuhi ile mbaya, akatabasamu, tabasamu dogo lenye uchungu wa mwarobaini.

"Usilitaje. Mwambie mnakwenda kupima presha."

Lidia alimtazama. Polepole akaelewa. Aliuweka mkono wake kifuani mwake mwenyewe, juu ya blauzi iliyolowa maji ya samaki.

"Na mimi je?"

"Na wewe utapimwa. Mlangoni tu, ukishafika, sema jina lako, na sema ugonjwa wa mama yako. Sikiliza. Daktari atakuuliza kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua. Wakati huo usimtazame aliyekaa pembeni yako. Hata kama ni bwana wako. Hata kama amekushika mkono. Usiseme hapana."

"Lidia!" Sauti ilitua kutoka ufukweni. "We Lidia! Unaongea nini na hiyo maiti? Rudi hapa!"

Lidia aligeuka kule, akageuka huku. Vitalia akaona kwa macho yake binti akipimwa, kwa utepe usioonekana, kati ya wanawake wawili.

"Abee, mama!" Lidia aliitikia. Akarudi. Alikwenda akigeuka nyuma, akigeuka nyuma, mpaka kivuli cha Kanta kikamfunika.

Sixbert alivaa kofia taratibu. Alikuwa ameona yote, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema alijifanya anakagua mnyororo.

"Twende, dada?"

Vitalia alipanda. Mikono yake, iliyokuwa imezoea mfuko tangu alfajiri, ilikosa pa kukaa. Aliikunja kifuani, ya kulia juu ya kushoto, akashikilia pale kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa asiyetaka kuamshwa. Pikipiki ikaanza kupanda. Ziwa likawa chini yao, kubwa, la buluu, halina habari na mtu.

Walipofika Kingerikiti ukungu ulikuwa bado haujaondoka migongoni mwa milima. Hapo ndipo aliposema.

"Kaka Sixbert, Jumatatu upo?"

"Nipo."

"Unifuate saa kumi alfajiri. Nakwenda hospitali kubwa, basi halitaningoja."

"Sawa, dada. Na bwana harusi tutamkuta wapi njiani? Mishikaki, abiria wawili kwa pamoja, siruhusu kwenye ile miteremko, nimwambie rafiki yangu alete pikipiki ya pili?"

Vitalia alingoja kona ipite. Alingoja na ya pili.

"Usimwambie," alisema. "Abiria ni mmoja."